Flashi Imegoma: Unataka Flashi au Unataka Vilivyomo?

“Shikamoo fundi. Flashi imegoma, naomba uniangalizie.”

“Marahaba. Unataka flashi, au unataka vilivyomo?”

Wateja wengi hushangaa wakiulizwa hivyo, maana kwao flashi na vilivyomo ni kitu kimoja. Sivyo. Kuifufua flashi mara nyingi maana yake ni kuifuta. Kuokoa vilivyomo ni kuhakikisha hakuna kinachoandikwa juu yake, hata herufi moja. Njia hizo mbili zinaachana tangu hatua ya kwanza, na ukishika isiyo yako, kurudi ni shida. Flashi mpya utaipata Majengo au duka lolote mjini Dodoma. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ameiandika miezi miwili haiuzwi popote. Basi tuchukulie kwamba unavitaka vilivyomo, mpaka tutakaposema vinginevyo.

Ndani ya kidude

Ukibandua ganda la flashi ya kawaida utakuta bodi ndogo yenye vitu vinne vya maana. Mbele kuna mdomo wa chuma wenye meno manne: volti 5, data hasi, data chanya na graundi. Flashi za USB 3.0 zina meno mengine matano nyuma ya hayo. Baada ya mdomo kuna kidhibiti, chipu inayozungumza na kompyuta na kusimamia kifaa kizima. Pembeni kuna kristali, kikopo kidogo cha rangi ya fedha ambacho mara nyingi kimeandikwa 12.000, ndiyo saa ya kidhibiti, inapiga mara milioni 12 kwa sekunde. Halafu kuna chipu kubwa nyeusi, kwa kawaida yenye miguu 48, ishirini na nne kila upande. Hilo ndilo ghala la faili zako.

Zile flashi fupi zinazobaki nje ya laptop kama ukucha hazina bodi ya namna hiyo. Kila kitu kimezamishwa kwenye kipande kimoja cha plastiki ngumu. Zikifa kiumeme, fundi wa mezani hana pa kushika.

Jambo linalowachanganya watu liko kwa kidhibiti. Hakipangi faili ghalani kwa utaratibu unaouona kwenye skrini. Seli za kumbukumbu huchoka: aina ya TLC, iliyomo kwenye flashi nyingi za leo, huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara mia kadhaa hadi elfu chache. Ili sehemu moja isife mapema, kidhibiti huhamishahamisha maandishi na kutunza ramani yake ya siri ya nini kiko wapi. Juu ya ramani hiyo ndipo Windows huweka jedwali lake la faili. Kwa hiyo kuna vitabu viwili vya hesabu. Flashi ikichomolewa katikati ya kunakili, au umeme ukikatika kompyuta ya mezani ikazima, kitabu chochote kati ya hivyo kinaweza kubaki nusu. Kikiharibika cha Windows, programu za kawaida zinakitengeneza. Kikiharibika cha kidhibiti, programu hizo hazifiki hata mlangoni. Kwa mteja matokeo yanafanana: “haifunguki”.

Iulize kompyuta kabla ya kushika bisibisi

Kwanza badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mkuu wenyewe. Yale ya mbele yamevutwa kwa waya mwembamba na mara nyingi yamelegea kwa kuchomekwa mfululizo. Pulizia vumbi nje ya mdomo wa flashi. Sisi wa Dodoma tunalijua vumbi la Agosti na Septemba, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Likichanganyika na jasho la mfukoni hufanya utando kwenye meno. Futa meno kwa ufutio wa penseli, kisha kwa pamba yenye spiriti safi, uache dakika tano ikauke.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, uone flashi inajitokeza vipi. Hapa ndipo ugonjwa unapojitaja.

Ikionekana nzima, ina afya, ila haina herufi ya draivu, umepona. Bofya kwa kitufe cha kulia, ipe herufi, basi. Ikionekana na ukubwa wake halali lakini Windows inaomba kuifomati, au inaiita RAW, kitabu cha Windows ndicho kilichochanika. Ukubwa halali wa flashi ya GB 32 ni kama 29, kwa sababu Windows huhesabu kwa 1,024 na kiwanda huhesabu kwa 1,000, hujaibiwa. Ikionekana lakini inasema hakuna diski ndani, au ukubwa ni sifuri, kidhibiti kiko hai ila hakilioni ghala. Kompyuta ikilia na kusema kifaa hakitambuliki, umeme unafika lakini mazungumzo yanakwama. Ikinyamaza kabisa, anza na mdomo.

Faili zimegeuka shotikati

Hili ndilo tatizo la kila siku la steshenari, na flashi yenyewe haina ubovu wowote. Flashi inaonyesha GB 5 zimetumika, ukiifungua unaona shotikati tupu, kila moja ya kilobaiti moja au mbili. Virusi vimezipa folda zako sifa ya kufichwa na ya mfumo, mara nyingine vimezisukuma zote ndani ya folda moja isiyo na jina, kisha vikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ujanja uko hapa: ukibofya shotikati, inaendesha virusi kwanza halafu inakufungulia folda yako halisi. Mtu anaona kazi yake, anaendelea, hajui ameshaiambukiza kompyuta. Flashi inayofuata kuchomekwa hapo inaondoka na ugonjwa.

Usibofye. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri hadi mstari urudi. Flashi yenye faili nyingi huchukua dakika kadhaa. Folda zitatokea. Nakili unavyovihitaji kwenda kwenye kompyuta safi, uache shotikati zote na faili zinazoishia na .vbs, .js au .exe ambazo hukuziweka. Hapo ndipo unaweza kuifomati. Ila ukiirudisha kwenye kompyuta ileile kabla ya kuisafisha, umefanya kazi bure. Angalia kwenye orodha ya programu zinazoendelea kama kuna wscript.exe isiyo na sababu ya kuwepo, izime, kisha andika shell:startup kwenye dirisha la Windows na R, utoe kilichojificha humo. Malizia kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa. Kompyuta ya Linux ni msaada mkubwa hapa: haijali ile sifa ya kufichwa ya Windows, inakuonyesha kila kitu, na hati hizo za virusi haiziendeshi.

Inaomba kufomatiwa

Kataa. Ukikubali kwa bahati mbaya bado kuna tumaini, ikiwa ilikuwa fomati ya haraka, maana hiyo huandika upya jedwali la faili tu. Fomati kamili, tangu Windows Vista, hupitisha sifuri flashi nzima, na hapo hakuna cha kuokoa.

Chkdsk ndiyo amri ambayo kila mtu ataitaja, na kwa flashi yenye data ya thamani si ya kuanza nayo. Inaandika. Kazi yake ni kulifanya jedwali lisiwe na makosa, na ikibidi kukata nusu ya faili zako ili hesabu ikubali, itakata. Kwa flashi iliyoitwa RAW inakataa hata kuanza.

Anza kwa kuchukua nakala nzima ya flashi, sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha nafasi ambacho kompyuta huhesabia diski). Kwenye Linux, ukishahakikisha kwa amri ya lsblk kwamba flashi ndiyo sdb na si diski yako kuu:

ddrescue -d /dev/sdb flashi.img flashi.log

Programu hii inasoma kwanza sehemu rahisi, inaruka zinazokwama, halafu inazirudia. Ile faili ya kumbukumbu mwishoni inakuwezesha kuendelea ulipoishia hata umeme ukikatika usiku kucha. Ukiwa na Windows tu, Win32 Disk Imager husoma flashi nzima iliyo bado na herufi, ingawa haina subira na sehemu mbovu. Kuanzia hapo flashi iweke pembeni, fanya kazi juu ya nakala.

Jaribu kwanza TestDisk, programu ya kurekebisha jedwali lililoharibika. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (FAT32 na exFAT ni namna mbili za kupanga faili) huwa na nakala ya akiba ya sekta yake ya kuanzia, kwenye sekta ya 6. Ya exFAT nakala hiyo huanzia sekta ya 12. Mara nyingi kilichoharibika ni ile ya mbele tu, na TestDisk, ukiingia sehemu ya Advanced kisha Boot, inakulinganishia zote mbili na kuirudisha ya akiba mahali pake. Folda zinarudi na majina yake kamili. Ikishindikana, shuka kwa PhotoRec, ambayo hutolewa pamoja na TestDisk bila malipo. Hiyo haijali jedwali kabisa. Inatafuta alama za mwanzo wa faili. Kila PDF huanza na %PDF, kila hati ya Word ya .docx huanza na herufi PK kwa sababu ndani ni zipu, kila picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Hasara yake ni kwamba majina hupotea: utapata f0123456.docx mia tatu, ukae uzifungue moja moja. Na faili iliyokuwa imetawanyika vipande inaweza kufunguka nusu. Vyote vinavyookolewa viweke kwenye diski nyingine. Kuvirudisha kwenye flashi ileile ni kuvifukia vile ambavyo bado havijatoka.

Inasomeka, haiandikiki

Kama ina kitufe kidogo cha kufungia ubavuni, kiangalie. Wengi wamehangaika saa nzima kwa kitufe hicho. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine, maana kompyuta za ofisi mara nyingine hufungiwa makusudi zisiandike kwenye flashi, na ukiwa kwenye mashine ya mwajiri waone watu wa TEHAMA, usiifungue mwenyewe. Baada ya hapo, kwenye dirisha la amri fungua diskpart, andika list disk, itambue flashi kwa ukubwa wake, kisha (kama ni namba 1):

select disk 1
attributes disk clear readonly

Soma namba mara mbili. Diski 0 kwa kawaida ni ya kompyuta yenyewe, na diskpart haiulizi “una uhakika?”.

Amri ikikubali lakini flashi ikabaki vilevile, kidhibiti kimejifunga chenyewe. Seli za akiba zimekwisha, hakina pa kuhamishia maandishi, kimeamua bora kisipokee kipya kuliko kupoteza vya zamani. Mafundi wengi huipigania flashi ya namna hii, na ni kazi isiyo na faida. Nakili vilivyomo leo, na hiyo flashi iwe imestaafu.

Mdomo uliopinda

Ajali ya kawaida: laptop kwenye mapaja, flashi ubavuni, mtu anapita. Mdomo unapinda, risasi ya kuchomelea inapasuka kwenye meno, au ile shaba ya bodi inang’oka kabisa. Data iko salama ghalani. Kilichokatika ni njia. Mtu mwenye pasi ndogo ya kuchomelea na mkono uliotulia anaitengeneza kwa nusu saa.

Gusa chuma cha kompyuta iliyochomekwa ukutani kabla ya kuigusa bodi, hasa kiangazi. Hewa yetu kavu huacha mwili umebeba umeme tuli wa kutosha kuua chipu. Weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, uguse jino la volti 5 na la graundi. Graundi ni lile jino la pembeni linalolia pamoja na ganda la chuma. Meno hayo mawili yakilia pamoja kuna shoti, kwa kawaida kapasita iliyokufa, na flashi hiyo ikichomekwa huwaka moto vidole vikaikimbia. Usiichomeke tena hadi shoti itolewe. Kama hakuna shoti, weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye graundi, mweusi kwenye data hasi kisha data chanya. Meno mawili ya data yanapaswa kutoa namba zinazokaribiana, kwa kawaida kati ya 0.4 na 0.7. Likiwa moja linasoma na jingine halisomi kitu, njia yake imekatika.

Kuna dalili inayosaidia hata bila mita. Kompyuta huijua flashi imefika kwa kuona data chanya imevutwa juu na rezista ya kiloomu 1.5, ambayo kwa flashi nyingi iko ndani ya kidhibiti. Ikikatika data chanya, taa ya flashi inaweza kuwaka huku kompyuta haisemi neno. Ikikatika data hasi, kompyuta inasikia mtu amebisha hodi lakini haielewi anachosema, ndipo unapata ule ujumbe wa kifaa kisichotambulika.

Kama shaba ya bodi ipo, weka fluksi (dawa inayosaidia risasi kushika), pasi iwe nyuzi 330 hadi 350, risasi ya milimita 0.5 au 0.8, sekunde mbili hadi tatu kwa kila jino. Ukizidisha, shaba inang’oka. Masikio mawili ya ganda yanayoishikilia bodi yanataka joto zaidi, na usiyaache: yakiwa huru, mchomeko wa kwanza utavunja meno uliyotengeneza. Kama shaba imeng’oka, fuata njia yake kwa kioo cha kukuzia hadi kwenye rezista au mguu wa kidhibiti, kwangua rangi ya juu kwa wembe, uunganishe kwa uzi wa shaba wa milimita 0.1. Nyuzi mbili za data ziwe fupi na zilingane urefu.

Wakiwa hawana mdomo wa akiba, mafundi hukata waya wa USB wa zamani na kuuchomelea moja kwa moja: mwekundu volti 5, mweupe data hasi, wa kijani data chanya, mweusi graundi. Rangi hizo ndizo za kiwango, lakini waya za bei poa hazina adabu, zipime kwanza. Ukibadilisha nyekundu na nyeusi, umeiua flashi ambayo ilikuwa inaumwa mdomo tu. Chomeka kupitia habu yenye umeme wake, ili kama kuna kosa ife habu na si ubao wa laptop. Ikifunguka, nakili kila kitu papo hapo kabla hujaipiga picha.

Mdomo ukiwa mzima na kifaa bado hakitambuliki, mshukiwa anayefuata ni kristali, ambayo hupasuka ndani flashi ikidondoka bila kuonyesha kitu nje. Badilisha kwa yenye namba ileile kutoka bodi iliyokufa. Flashi iliyofuliwa mfukoni ni habari nyingine kidogo: maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya miguu ya chipu inapitisha umeme na kuila shaba. Usiichomeke ili “kujaribu”. Ifungue, isuuze kwa spiriti safi ukisugua na mswaki laini, iache siku nzima kivulini.

Hakuna diski ndani

Hapa habari si njema. Kidhibiti kinajibu, wakati mwingine hata kwa jina la kiwanda chake badala ya chapa iliyo kwenye ganda, lakini ghala hakilioni. Bonyeza chipu kubwa taratibu kwa kidole ukiwa unaichomeka. Ikitokea, mguu umeachia risasi; weka fluksi, pitisha pasi miguu yote 48, nakili. Isipotokea, kwa anayehitaji vilivyomo mlango uliobaki ni maabara inayong’oa chipu na kuisoma peke yake, kazi ya gharama kubwa.

Asiyevihitaji ana njia nyingine. ChipGenius humtajia kidhibiti ni cha nani, Phison, Silicon Motion, Alcor na wengineo, kisha hutafutwa programu ya kiwandani ya modeli hiyohiyo, inayoipanga flashi upya kama ilivyotoka kiwandani. Inafuta ile ramani ya siri. Baada yake hakuna PhotoRec itakayosaidia, na ikiwa ya modeli isiyo sahihi, flashi inanyamaza kabisa.

GB 512 za bei ya chakula

Flashi yenye chipu ya GB 8 na kidhibiti kilichofundishwa kusema 512 inapokea kila unachoinakilia. Zikipita GB 8, inaandika juu ya za mwanzo au inatupa. Majina ya faili yote yapo, video hazichezi. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena, kisha hukuambia ukubwa wake wa kweli. Ukishaujua, tengeneza patisheni ya ukubwa huo tu, uiache sehemu nyingine tupu, itatumika.

Isichanganywe na flashi halali ya GB 64 ambayo redio ya bajaji haiisomi. Hiyo imekuja na exFAT, na redio nyingi zinajua FAT32 peke yake. Dirisha la kawaida la Windows hukataa kuweka FAT32 juu ya flashi inayozidi GB 32, lakini programu ya Rufus inakubali. Kumbuka tu kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo filamu ndefu itakwama hata nafasi ikiwepo.

Flashi yoyote iliyopona, iwe kwa pasi au kwa programu, ijaze yote kwa H2testw kabla ya kuirudisha kazini, iache droo siku saba, kisha uisome tena bila kuandika kitu. Ikirudi na kosa hata moja, ipeleke kwenye bajaji ikapige muziki.